Aya ya Pingamizi

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na tabia ya kuandika neno moja katikati ya ubao, kulizungushia duara, kisha kukaa kimya mpaka mmoja wetu achoke na kimya chenyewe aseme lolote. Tulikuwa darasa la kumi na moja, pale Nchelenge, Zambia, miaka ya mwisho ya tisini, na muhula mzima tulisoma maandishi yasiyo ya hadithi: hotuba, makala za magazeti, barua za kulalamika na barua za kuomba. Tulitakiwa kuyafungua kama fundi anavyofungua injini ya mashua, tuone kipi kinaendesha kipi.

Maneno ya kazi hiyo niliyapenda kwa namna ambayo leo inanitia aibu. Dai ni lile jambo moja unalotaka msomaji akubali. Ushahidi ni kile unachoweza kumwonyesha hata mtu asiyekupenda. Ukweli hupimwa, maoni hayapimiki, na mwandishi mjanja hukuuzia maoni ndani ya mfuko wa ukweli. Hadhira ni wale unaowaandikia, na kusudi ni lile unalotaka walifanye wakimaliza kukusoma. Halafu kulikuwa na neno nililolipenda kuliko yote, pingamizi. Hapo unamtangulia mpinzani wako, unalisema mwenyewe neno ambalo angelisema yeye, kisha unalivunja mbele ya macho yake. Mwalimu alisema mtu asiyethubutu kutaja pingamizi anaandika kwa woga. Mimi sikutaka kuwa mwoga. Niliyaandika yote katika daftari, Kiingereza upande mmoja, Kibemba na Kiswahili cha baba upande wa pili, na pale lugha zetu zilipopungukiwa nilibuni.

Baba alitoka ng'ambo, Kilwa. Si ile ya pwani ambayo wengi huikumbuka wakisikia jina hilo. Kilwa yetu iko ziwani, upande wa Kongo. Alikuwa akivuka na vitenge na sabuni, akirudi na samaki wakavu, na katika kuvuka huko akamkuta mama pale Kashikishi, akianika chisense juu ya mchanga, vile visamaki vidogo vinavyong'aa. Mama ni mtu wa ziwa upande wa Zambia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu, na cha kumgombeza baba, ambacho alikimudu vizuri kuliko vyote.

Baba alikohoa karibu mwaka mzima. Mama alimsihi aende hospitali. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu nililiharibu mwenyewe baadaye. Alimsihi asubuhi na mchana, alimsihi mbele ya wachungaji, na baba akajibu kwamba ameshaombewa na hataki kuonekana hana imani. Siku alipokubali, tulimpeleka juu ya baiskeli, mama akimshika mgongo na mimi nikisukuma. Hakukaa wiki mbili. Alizikwa wakati mvua zimeanza.

Sasa, kwa watu wa mama yangu, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa watu wa baba, ambao ni Waluba, mtoto ni wa baba na wa baba zake. Baba alipokuwa hai jambo hili lilikuwa la utani wakati wa kula. Mama alikuwa akisema, wako ni mkeka tu, watoto ni wangu, na baba akicheka mpaka anakohoa. Baada ya matanga halikuwa utani tena. Babu wa ng'ambo, yule tunayemwita kambo, alituma neno kupitia mfanyabiashara mmoja aliyekuja kutafuta mihogo.

"Kambo anasema mvua ikiisha batakuja kubeba mutoto ya mwana wake," yule mtu alimwambia mama, akiangalia chini kwa heshima. "Ule mudogo. Mukubwa alishakomala huku. Kama mama iko na neno, atume neno."

Mdogo huyo alikuwa dada yangu, wa miaka minne. Tulikuwa wawili tu. Yeye alikuwa mtoto wa kukaa ndani ya beseni tupu na kuamuru watu wamsukume, na hakuweza kupata usingizi bila kushika sikio la mama. Hakulivuta. Alilishika tu, kati ya vidole viwili, hadi mkono wake ulegee. Mama alizoea kulala upande mmoja kwa ajili hiyo. Neno la kambo liliposemwa, mtoto alikuwa mgongoni mwa mama, na mama alipeleka mikono nyuma akamshika miguu yote miwili, kama vile watu wa kumchukua wamekwisha kufika mlangoni.

Ilibidi tuandike barua, na mwandishi wa nyumba nilikuwa mimi.

Lazima nieleze barua zilivyosomwa kwa watu wa baba, maana nilizishuhudia nyumbani kwetu, jamaa za baba wakikusanyika kila mgeni wa ng'ambo alipoleta moja. Barua haikuwa ya mtu mmoja. Watu wa ukoo waliketi, akatafutwa anayejua kusoma, mara nyingi katekista, naye akasoma kwa sauti. Aliyekuwa mkubwa kwa umri aliweza kuinua mkono wakati wowote na kusema, "Simamisha paale." Basi barua husimama. Wataijadili sentensi hiyo, watakumbushana mambo ya zamani, bukari, ugali wao, itapoa, na wakati mwingine wakimaliza kujadili hawaoni haja ya kuendelea na yaliyobaki. Ndiyo maana baba alipoandika kwao alianza na salamu ya kila mtu kwa zamu yake, akauliza magonjwa na mbuzi, na ombi lake likaja mwishoni kabisa, moja, dogo, la kuweza kukubalika. Haya yote niliyaona na kuyasikia. Sikujua kwamba nayo ni elimu.

Uvuvi ulikuwa umefungwa kwa miezi ile ya kuwaacha samaki wazae, soko limelala, na mama alikuwa na nafasi. Tuliketi uani baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa na karatasi za mistari nilizochana katikati ya daftari.

"Andika," mama alisema. "Andika kambo yako namusalimia sana. Uliza mugulu yake. Uliza kama ile mbuzi ilizaa. Salimia ba tantine, umuambie kitenge alituma tuliona. Salimia bote." Aliwaza, kisha akaendelea. "Andika, mutoto iko muzima. Anakula. Anajua kuhesabu mupaka kumi, ile tano iko anaruka. Analala anakamata sikio yangu. Andika, minaomba bamuache kwangu mupaka atoshe meno ya utoto. Kiisha tutaonana."

"Basi?"

"Njo hiyo."

Nilimwangalia kwa huruma. Ndivyo nilivyomwangalia, na kila nikikumbuka macho yangu ya siku ile natamani kuyapiga kofi. Dai lilikuwa wapi? Ushahidi ulikuwa wapi? Alikuwa ameomba mtoto akae mpaka meno ya utoto yang'oke, miaka miwili, labda mitatu, halafu waonane. Nikaona ni ombi la mtu aliyekwisha kushindwa. Sikio nalo si ushahidi, ni hisia. Mama alikuwa anaelekea kupoteza mtoto kwa kutojua kuandika, na mimi nilikuwa na muhula mzima wa maneno ya kumwokoa.

Kwa hiyo nikaandika. Mama alikuwa amenyamaza, ameanza kuchambua mboga za majani ya mihogo, na kalamu yangu ikaenda mbele. Salamu nilizifupisha kuwa mstari mmoja, kwa sababu mwalimu alisema dai lije mapema. Aya ya kwanza: mtoto asiondolewe kwa mama yake, si sasa wala baadaye. Aya ya pili ilikuwa ya ushahidi, shule, kanisa, shamba la mihogo, dada mkubwa anayesoma. Na aya ya tatu ilikuwa fahari yangu. Naikumbuka neno kwa neno. "Mnaweza kusema kwamba mama alichelewa kumpeleka baba hospitali, na kwamba nyumba ambamo baba alifia si nyumba ya kulea mtoto wake. Lakini ukweli ni kwamba mama alimsihi mara nyingi, na baba mwenyewe ndiye aliyekataa." Nikaendelea mistari sita, nikilivunja pingamizi hilo vipande vipande.

Hakuna mtu ng'ambo aliyewahi kusema kwamba mama alichelewa. Niliwatungia mimi.

"Nisomee," mama alisema niliponyoosha mgongo.

Niliishika karatasi mbele yangu na kumsomea maneno yake mwenyewe, kutoka kichwani, mguu wa kambo, mbuzi, kitenge, meno ya utoto. Sikuruka hata sikio. Aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Mwishoni alisema, "Iko muzuri," akarudi kwenye mboga zake, na mimi nikajisemea kwamba sijadanganya, nimeboresha. Siku iliyofuata barua ilivuka na yule mfanyabiashara wa mihogo.

Sikuishia hapo. Mwalimu alitaka insha ya kushawishi, nami nikaitafsiri ile barua kwa Kiingereza na kumpa. Nilipata alama ya juu kuliko wote. Aliisoma mbele ya darasa, na pembeni mwa aya ya tatu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu kwamba huo ndio ujasiri wa mwandishi. Wenzangu walipiga makofi. Nilirudi Kashikishi kwa miguu nikiwa nimevimba kichwa, nikipita kando ya ziwa bila hata kuliangalia.

Jibu la maandishi halikuja. Mvua zilipokwisha walikuja baba wakubwa wawili, wenye adabu zao, wakakaa kwenye vigoda tulivyowapa, wakala walichopewa. Mmoja wao akasema wamekuja kwa mtoto. Mama aliwaambia, kwa Kiswahili chake kile cha bei na salamu, kwamba alituma barua.

"Mukanda tulisikia," baba mkubwa alijibu, bila hasira; mukanda kwao ni barua. "Weye mwenyewe ulisema mu mukanda, mama. Ulisema ulichelewa. Siye hatukukuuliza. Bon, mutu akisema mwenyewe, tutafanya nini?"

Mama alinitazama mara moja. Ilikuwa kitambo kidogo sana, kiasi cha mtu kugeuza kichwa na kukirudisha. Mimi nilikuwa nimesimama na bakuli la maji ya kunawa. Nilikuwa na maneno yote ya muhula, nilijua dai na ushahidi na pingamizi, na sikuweza kufungua mdomo kusema, hayo si ya mama, ni yangu. Niliogopa wanaume wawili wenye adabu. Huo ndio woga, na nauita kwa jina lake.

Wajomba zangu walikuja kusema kwamba kwetu mtoto ni wa mama, wageni wakasema kwao sivyo, na mambo yakazunguka mpaka ikaonekana kukataa kungeleta ugomvi wa pande mbili za ziwa. Asubuhi yake mama alimvisha dada yangu magauni mawili, moja juu ya jingine, kwa sababu majini kuna baridi. Dada yangu alifurahia mashua. Alitaka akae mbele. Alipogundua kwamba mama hapandi, mashua ilikuwa imekwisha kusukumwa, na nilimwona akitandaza mikono, si kulia kwanza, bali kama mtu anayesema kuna kosa limetokea, rekebisheni. Kilio kilitufikia baadaye kidogo, juu ya maji. Mama alisimama mpaka injini haisikiki, halafu akaenda kuanika samaki wa mtu, maana alikuwa ameahidi.

Kuanzia siku hiyo mama alilala vyovyote, chali, kifudifudi, upande huu na ule. Niliona hilo na nikaumia kuliko kama angelia.

Miezi michache baadaye vita vikaanza tena Kongo. Mwanzoni vilikuwa vya mbali, vya redioni. Kisha mashua zikaanza kuja Kashikishi zimejaa watu na magodoro na masufuria, na wafanyabiashara waliokuwa wakituletea habari wakawa wenyewe wakimbizi. Nilimaliza shule katika hali hiyo. Karibu kila siku nilishuka ufukweni, nikatazama kila mtoto wa kike wa miaka mitano, wa sita. Nilikuwa na hofu kwamba nitampita bila kumjua. Mama hakushuka. Alisema kama yupo ataletwa.

Aliyekuja ni shangazi yetu, tantine, yule aliyetuma kitenge. Alikuja akiwa na furushi la nguo kichwani na ugonjwa wa miguu, na nilimtambua kwa pua ya baba. Nilimtafutia kivuli, nikamletea maji. Nilikuwa naangalia nyuma yake, na yeye aliona ninakoangalia.

"Mudogo yako hayuko tena, mama," alisema. Ndivyo alivyoniita, mama, kama wanavyowaita watoto wa kike huko. "Surua ilimukamata mu pori, tulipokimbia. Siku tatu. Tulimuzika paale paale. Nisamehe."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Yeye akakaa pia, akanishika mkono, na kwa kuwa mtu hawezi kukaa na kifo bila kusema lolote, akaanza kusema ya nyuma. Alisema siku ile ya mkanda watu walikuwa wengi. Alisema katekista alisoma vizuri, na salamu zilipopita haraka walitazamana, wakadhani mama ana hasira nao.

"Kiisha akafika fasi ile ya lopitali. Mukubwa mumoja akanyanyua mukono, akasema simamisha paale. Njo mukanda ulisimama."

"Hawakusoma mbele?" niliuliza. "Kulikuwa na lakini. Baada ya hapo kuna lakini, tantine."

"Hatukusikia lakini. Batu balisimama. Balilia mwana wabo upya." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kambo alikuwa anasikilia huruma mama yenu. Alisema, huyu mwanamuke hata muda hakuomba. Angeomba muda tu, mutoto mudogo vile, nani angemukatalia?"

Nimefundisha shule miaka mingi tangu hapo. Kila mwaka nafika kwenye neno hadhira, na kila mwaka nasema haraka na kufuta ubao. Mwalimu wangu hakukosea. Alitufundisha hadhira pia, kwa duara na kila kitu. Mimi ndiye niliyemwandikia yeye barua iliyokuwa ya kambo.

Shangazi ndiye aliyempa mama habari, kama ilivyo desturi, mtu mzima kwa mtu mzima, nyumbani na majirani wameketi. Mama alilia mchana ule na kesho yake, kwa sauti, na wanawake wakamlilia pamoja. Siku ya tatu watu walipopungua nilimfuata uani. Alikuwa ameketi mahali petu pa barua, mikono haina kazi. Nilipiga magoti. Nilimwambia yote bila kupamba: kwamba nilibadilisha, kwamba maneno ya hospitali yalikuwa yangu, kwamba ombi lake la meno ya utoto sikuliandika, na kwamba kambo angelikubali. Nilimwambia nilimsomea uongo. Nilitaka anipige. Naamini angenipiga ningeweza kulala.

Hakunipiga.

"Nilijua," alisema.

Nikamwinulia uso.

"Siku ile. Ulisema unasoma, lakini macho yako yalisimama fasi moja. Baba yako akisoma, macho yake yalikuwa yanatembea." Alivuta kitenge chake kufunika magoti. "Na ulikuwa unaandika wakati miye nimenyamaza. Niliona. Nikasema, mutoto amesoma, anajua kupita miye. Acha aandike."